Barua Zilizofika Yezreeli

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni
Somo: 1 Wafalme 21:1–19

Kama unayo Biblia karibu, fungua kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Kama huna, usiwe na wasiwasi, kwa maana hadithi hii wengi mnaijua tangu shule ya Jumapili. Ni hadithi ya Naboti na shamba lake la mizabibu.

Tunapoisoma hadithi hii huwa tunamtazama mfalme Ahabu aliyetamani, na malkia Yezebeli aliyepanga uovu, na Naboti aliyekufa bila hatia. Leo tungependa kuwatazama watu wengine ambao hutajwa upesi na kusahauliwa upesi. Nao ni wazee wa mji.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Ahabu alikuwa na jumba lake Yezreeli, na kando yake palikuwa na shamba la Naboti. Mfalme akalitaka ili alifanye bustani ya mboga. Tusimwonee Ahabu: hakuanza kwa nguvu. Alianza kwa maneno mazuri. Alimwahidi Naboti shamba lingine lililo bora zaidi, au fedha kadiri ya thamani yake. Ukisikia hayo unaweza kusema, "Huyu Naboti naye alikuwa mkaidi!" Lakini Naboti hakuwa akihesabu bei. Shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa sheria ya Musa nchi ni mali ya Mungu, na mwanadamu ni mtunzaji tu. Naboti hakuona kwamba amepewa ruhusa ya kuuza kitu alichowekewa kwa ajili ya wajukuu wake.

Mfalme akaenda kulala, akageuza uso, akasusa chakula. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazituma.

Je, alizituma kwa nani? Hapo, ndugu msikilizaji, tusimame kidogo. Barua zile hazikupelekwa kwa jeshi. Zilipelekwa kwa wazee na wakuu wa mji ule ule alimokaa Naboti. Hao walikuwa majirani zake. Walikuwa wakiamkiana naye asubuhi. Wengine walimjua tangu utoto. Waliagizwa watangaze siku ya kufunga, yaani waitishe ibada, wamketishe Naboti mbele ya watu, kisha mashahidi wawili wa uongo wamshtaki. Nao wakafanya kama walivyoandikiwa. Biblia haituambii kwamba hata mzee mmoja aliuliza swali.

Wapenzi wasikilizaji, kwa miaka mingi tuliwahubiri wazee wale kama watu wa mbali. Kisha tukajikuta tumeketi katika viti vyao. Tunaomba tuwaeleze ilivyokuwa. Hatutataja jina la mtu, wala la kijiji, wala la ofisi, maana hatusimulii ili kumshtaki mtu. Tunasimulia kwa kuungama.

Katika mojawapo ya makanisa yetu, katika nchi hii iliyo kati ya Kitale na Bungoma, yuko mama mjane. Wajukuu wake humwita Kukhu, nasi wote kanisani tumezoea kumwita hivyo. Ana shamba la eka mbili na nusu. Mume wake alilipata kwa kujiunga na wenzake waliochanga fedha wakanunua shamba kubwa la mzungu baada ya uhuru, wakagawana. Alingoja hati miaka mingi, akaipata mwishoni mwa maisha yake. Katika eka hizo Kukhu hupanda mahindi na maharagwe, na ukingoni majani ya kulisha ng'ombe wawili. Amesomesha watoto kwa shamba hilo, na sasa anasomesha wajukuu.

Siku hizi mji umelifikia. Palipokuwa na mahindi pana ploti, na palipokuwa na ploti pana maduka. Miaka michache iliyopita tukaitwa kwenye baraza. Maofisa wa mipango walikuja na ramani kubwa, wakaitundika juu ya ubao. Walitueleza kwamba soko jipya litajengwa, na barabara pana itapita hapa na hapa. Sisi viongozi wa kanisa tulipewa viti vya mbele, chini ya hema. Tukaombwa tufungue mkutano kwa maombi. Tukaomba. Tukamshukuru Mungu kwa maendeleo.

Na kusema kweli tulifurahi, kwa sababu katika ramani ile barabara ilipita mbele ya lango la kanisa letu. Tuliwaza mioyoni kwamba Wakristo hawatakanyaga matope tena mwezi wa Aprili, na kwamba ploti ya kanisa itapanda bei. Hatukuuliza mstari ule, kabla ya kufika langoni kwetu, umepita katika shamba la nani. Kukhu alikuwa ameketi nyuma kwenye nyasi pamoja na akina mama. Aliinua mkono. Akaambiwa muda umekwisha. Kisha tukaombwa tufunge mkutano, nasi tukaufunga kwa Neema, watu wakatawanyika.

Baada ya wiki chache Kukhu alikuwa akijenga ghala jipya la mahindi, la mbao na mabati, maana la zamani lilikuwa limeoza miguu. Watu wakaja, wakapiga alama ya X kwa rangi nyekundu, wakampa barua ya Kiingereza yenye muhuri. Kukhu hasomi Kiingereza. Akaitia barua ndani ya Biblia yake, akatuletea Jumapili. Siku hiyo tulikuwa na matangazo mengi na harambee. Tukamwambia, "Mama, njoo Jumanne." Jumanne tulikuwa na mazishi. Tulipoisoma barua ile hatimaye, siku tisa zilikuwa zimepita. Ilimwagiza asimamishe ujenzi na aondoe ghala, kwa sababu amejenga bila kibali, tena mahali palipotengwa kwa barabara na soko. Alikuwa amepewa siku kumi na nne.

Ndipo Kukhu akatuuliza swali moja, bila hasira. "Pasta, ile siku mliyoomba pale barazani, mliomba juu ya shamba langu. Mlikuwa mnajua?"

Hatukuwa na jibu. Tuliona aibu kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Wazee wa Yezreeli nao walitangaza ibada, na sisi tuliifungua yetu kwa maombi.

Tukamwita mwalimu mmoja mstaafu wa kanisa letu, na kijana wetu mmoja afanyaye kazi kwa wakili. Tukakaa mezani. Tuliyojifunza tungependa myasikie, kwa kuwa wengine wenu mna barua kama hiyo ndani ya Biblia zenu hivi sasa.

Barua ile ilikuwa imefunga mambo mawili pamoja, kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Jambo la kwanza lilikuwa ujenzi. Hapa ilitupasa kumwambia Kukhu kweli: ofisi haikukosea. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga, na mwenye kuivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo hiyo humpa aliyepewa ilani siku kumi na nne za kukata rufani mbele ya kamati iliyowekwa katika kila kaunti kwa kazi hiyo, na asiporidhika anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tulipofika hapo mwalimu wetu akacheka kidogo, akasema, "Na jiko la kanisa, je, lilikuwa na kibali?" Halikuwa nacho.

Jambo la pili lilikuwa ardhi yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inasema kwamba serikali inaweza kuchukua ardhi ya mtu kwa faida ya umma, lakini ni lazima alipwe fidia ya haki, kamili, bila kucheleweshwa, na awe na njia ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaonyesha hatua zake. Ombi hupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Tume hutangaza katika Gazeti rasmi la Serikali. Baada ya siku zisizopungua thelathini hufanywa kikao cha uchunguzi, na mwenye shamba huja na hati yake, akasikilizwa. Ndipo fidia hukadiriwa. Katika hatua hizo zote hakuna hata moja iliyokuwa imefanywa kwa shamba la Kukhu. Palikuwa na mstari wa kalamu juu ya ramani, basi.

Rufani iliandikwa, ikapelekwa siku ya kumi na tatu. Siku ya kusikilizwa tulikwenda naye, mwalimu na akina mama wanne, tukaketi naye mbele. Alipoulizwa kama anapinga maendeleo alisema hivi: "Mimi sikatai barabara. Hata mimi miguu yaniuma. Nakataa kupitwa kama mtu ambaye hayupo."

Ilani ya kubomoa ikaondolewa. Akaagizwa aombe kibali, akaomba, na ghala likasogezwa hatua chache. Kuhusu barabara, mpango bado upo. Pengine siku moja itapita pale, lakini wakija watakuja kwa njia ya sheria, kwa kupima, kusikiliza na kulipa. Hatuwezi kuwaambia kwamba Kukhu alishinda vyote. Wakati shauri likingoja, mavuno yake yalilala nje chini ya turubai, mvua ikayapata, na magunia kadhaa yakaota ukungu yakatupwa. Tunajua sehemu ya hasara ile ni yetu. Ni zile siku tisa.

Wala si wote kanisani waliopendezwa. Baadhi ya wazee wetu walisema, "Mnazuia maendeleo. Barabara ikihamishwa kwingine, mtawaambia nini watu?" Tuliwaheshimu, maana neno lao si la kipuuzi. Barabara ni kitu chema. Mama mjamzito huihitaji usiku, na mkulima huihitaji wakati wa mavuno. Mtume Paulo anatufundisha katika Warumi 13 kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Lakini maendeleo si Mungu. Watu wa Webuye wanalifahamu jambo hili. Kiwanda cha karatasi kilikuja miaka ya 1970, mji ukakua, na watu wakajenga maisha yao juu yake. Mwaka 2009 kikafungwa. Kitu kiwezacho kuja na kuondoka tusikisujudie, tena tusikitolee wajane kuwa sadaka.

Isitoshe, sisi watu wa sehemu hizi hatupaswi kusahau upesi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya Trans Nzoia kwa walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kuchukua mazao yao. Waafrika walikaa katika mashamba hayo kama vibarua na maskwota. Hilo nalo lilifanywa kwa ramani, barua na mihuri.

Na si zamani tu. Huko juu mlimani Elgon, eneo la Chepkitale, nchi ya jamii ya Ogiek, lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Wenyeji walilia kwamba hawakuulizwa. Walikwenda mahakamani, wakangoja miaka mingi, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikaamua kwa upande wao. Mnamkumbuka yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka. Bwana Yesu alimtoa kama mfano wa kuomba. Lakini tukumbuke pia kwamba alitembea kwa miguu yake mpaka mlangoni pa kadhi.

Sisi Waanglikana tunaye pia shahidi wa karibu. Askofu Alexander Kipsang Muge wa Eldoret, wakati dayosisi yake ilipokuwa bado inafika Kitale, alikemea waziwazi unyakuzi wa ardhi za wanyonge. Wengi walimwambia anyamaze. Alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akirudi kutoka Busia. Huyo alipofikiwa na barua za Yezebeli hakukubali kuzitekeleza. Sisi tuliomfuata tumerithi viti vyake. Tumwombe Mungu atupe na moyo wake.

Basi, wapenzi wasikilizaji, tuyachukue maneno matatu nyumbani.

Neno la kwanza ni kwa ninyi mnaofanya kazi maofisini. Wengi wenu ni watoto wa makanisa yetu, na tunawaombea kila Jumapili. Kazi yenu ni njema, maana mji usiopangwa huwaumiza maskini kuliko wote. Lakini kabla ya kupiga muhuri, jiulizeni: mwenye shamba hili amesikilizwa? Anaisoma lugha ya barua hii? Muhuri wa mfalme ulitumiwa na mwingine, naye Ahabu hakuuliza. Hata hivyo Eliya alipokuja, alimjia Ahabu.

Neno la pili ni kwa wenye mashamba. Yeremia alipokuwa amefungwa na Yerusalemu umezingirwa, alinunua shamba kule Anathothi. Alipima fedha, akaita mashahidi, akatia hati muhuri, akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Nabii wa Mungu alitunza makaratasi! Nasi tuyatunze. Kama hati ya shamba lako ingali na jina la babu aliyekufa, anzeni shauri la urithi mkiwa mngali mnapendana. Ukinunua shamba la kilimo, tafuta idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu kupatana, maana pasipo idhini hiyo mapatano ni bure. Ukitaka kujenga, uliza kibali kwanza. Na ukipewa barua, usiiache ndani ya Biblia ikalala. Isomwe siku hiyo hiyo.

Neno la tatu ni kwetu sisi viongozi wa kanisa. Tutaendelea kuitwa kwenye mabaraza, na tutaendelea kupewa viti vya mbele. Twendeni, na tuombe, maana ni vyema mambo ya watu yaanze kwa Mungu. Lakini kabla ya kufumba macho tuulize kwanza: mstari huu unapita katika shamba la nani, naye ameketi wapi? Kama ameketi nyuma kwenye nyasi, tumwite aje mbele, au twende tukakae naye.

Msimu uliopita tulipita kwa Kukhu. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na alikuwa akipalilia mpaka ukingoni, pale pale vigingi vya barabara viliposimikwa. Tukamwuliza, "Mama, wapanda hata hapa?" Akajibu, "Pasta, barabara haijafika. Mvua imefika." Tukavua makoti, tukapalilia naye mistari miwili. Haikutosha kulipa zile siku tisa, lakini ilikuwa mwanzo.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, nchi ni yako na sisi ni wageni wako. Utusamehe siku tulizoomba kwa vinywa na macho yetu hayakuona. Uwakumbuke wajane na yatima na wote walio na barua wasizoweza kuzisoma. Uwape watawala wetu hekima na hofu yako. Uwape watumishi wa ofisi mikono safi, na mahakimu masikio yanayosikia. Utupe sisi kanisa lako ujasiri wa kuuliza swali ambalo wazee wa Yezreeli hawakuliuliza. Ubariki kazi ya mikono ya wakulima, mvua inyeshe kwa wakati wake, na mavuno yapate pa kulala. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awe nanyi, mpaka tutakapokutana tena.